Wanasayansi wanaokutana faragha: je, wamewahi kuondoa hata bomu moja?

Swali la msomaji: "Mtaalamu, kila mara nasikia wanasayansi wa nchi zenye uhasama wamekutana faragha kuzungumzia silaha za nyuklia. Hawana mamlaka, hawasaini chochote, na baadhi yao ndio waliotengeneza mabomu yenyewe. Je, mazungumzo yao yamewahi kuondoa hata bomu moja, au ni porojo za wasomi? Na sasa mikataba inapokufa mmoja baada ya mwingine, yana maana gani tena?"

Nianze na sehemu ya jibu utakayoipenda. Hapana, sijui kichwa cha nyuklia hata kimoja kilichofunguliwa kwa sababu tu wanasayansi walikubaliana mkutanoni. Vichwa hufunguliwa kwa amri ya marais, baada ya mkataba, tena majenerali wakinung'unika. Ukiwapima wanasayansi kwa kipimo hicho, hoja yako imesimama na mimi sina la kukujibu.

Ila kuna swali moja ambalo lazima lijibiwe kabla mkataba wowote wa silaha haujaandikwa: nitajuaje kwamba mwenzangu hadanganyi? Hilo ni swali la fizikia kabla halijawa la siasa. Wanadiplomasia hawana ujuzi wa kulijibu. Wataalamu wa maabara za serikali wanao, lakini wakiwa kazini hawaruhusiwi kulijadili na adui, maana kila neno lao litahesabika kuwa msimamo wa nchi. Anahitajika mtu mwenye ujuzi, anayesikilizwa na wakubwa, ambaye leo jioni anaweza kusema "tuseme tungefanya hivi" na kesho asubuhi serikali yake ikakana kwamba imewahi kusema hivyo. Kazi hiyo ndiyo iliyofanywa na mikutano unayoiulizia, na iliacha alama.

Historia yenyewe nitaipitia haraka. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika Bahari ya Pasifiki. Walitarajia nguvu ya megatani 6 hivi (megatani moja ni sawa na tani milioni moja za baruti ya TNT), wakapata 15. Majivu ya mionzi yaliwaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa nje ya eneo lililopigwa marufuku. Mwanafizikia Joseph Rotblat, mzaliwa wa Warsaw aliyekuwa akifanya kazi London, alichambua habari za majivu yale na kutambua kwamba bomu lilikuwa chafu kuliko umma ulivyoambiwa. Rotblat alikuwa ameshiriki katika mradi wa bomu wakati wa vita, akajitoa mwishoni mwa 1944 ilipobainika kwamba Wajerumani hawana bomu. Tarehe 9 Julai 1955 alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa waandishi wa habari mjini London ambako mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alisoma tamko la kuonya juu ya silaha za nyuklia, lenye saini 11, ya Einstein ikiwemo, aliyoiweka siku chache kabla ya kufariki. Miaka miwili baadaye, Julai 1957, wanasayansi 22 kutoka nchi 10 walikutana Pugwash, kijiji cha wavuvi huko Nova Scotia, Canada, kwa gharama za tajiri mmoja aliyeitwa Cyrus Eaton. Jina la kijiji likawa jina la mikutano yote iliyofuata.

Sasa tuingie kwenye kiini, nacho ni suala la majaribio ya mabomu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Marekani na Umoja wa Kisovieti zote zilikuwa zikisema hadharani kwamba zinataka majaribio yakome. Mwaka 1958 wataalamu wa pande zote walikaa Geneva, safari hii kwa kutumwa na serikali, wakapendekeza vituo 160 hadi 170 vya ukaguzi vijengwe nchi kavu kote duniani, mbali na vile vya melini. Moscow iliwaona wageni wa kukaa vituoni kuwa majasusi. Washington ikasema bila wakaguzi hakuna mkataba. Mvutano ukaishia kwenye hesabu: Wamarekani wakitaka safari za ukaguzi 8 hadi 10 kwa mwaka, baadaye wakashuka hadi 7, Wasovieti wakikubali 2 au 3.

Majaribio ya angani hayana shida, yanaonekana na yananuka mionzi. Shida ni ya chini ya ardhi. Mlipuko wa chini ya ardhi hutikisa miamba, na tetemeko la ardhi hutikisa miamba vilevile. Lakini havitikisi kwa namna moja. Mlipuko husukuma mwamba kwenda nje pande zote kwa mpigo mmoja, kwa hiyo wimbi la kwanza, lile la msukumo, huwa na nguvu kubwa. Tetemeko hutokea vipande viwili vya mwamba vinaposuguana na kuteleza, kwa hiyo mawimbi yanayosafiri juu juu ya ardhi huwa makubwa ukiyalinganisha na lile la kwanza. Ukiwa na vipimo safi vya aina zote mbili, unatenganisha. Vipimo vikiwa hafifu, au bomu likiwa dogo, unabaki kubahatisha, na serikali haiwezi kuweka usalama wa nchi kwenye bahati nasibu.

Septemba 1962, katika mkutano wa Pugwash uliofanyika London, wanasayansi wachache wa Kimarekani na Kisovieti waliandika pamoja pendekezo fupi. Tuweke vipima mitetemo ndani ya masanduku yaliyofungwa kwa lakiri, tuyazike katika ardhi ya kila upande, yajirekodie yenyewe, na yeyote atakayeyachokoa ajulikane. Hakuna mgeni atakayekaa humo. Hapo hofu ya ujasusi inapungua, na hofu ya udanganyifu pia. Tarehe 19 Desemba mwaka huohuo, kiongozi wa Kisovieti Khrushchev alimwandikia Rais Kennedy wa Marekani barua akikubali vituo vya aina hiyo katika sehemu tatu za nchi yake. Yaani wazo lililozaliwa kwenye meza isiyo rasmi lilifika kwenye barua ya mkuu wa nchi ndani ya miezi minne! Wizara nyingi za mambo ya nje zingelionea wivu.

Halikufaulu. Hesabu ya ukaguzi iliwashinda, na mkataba uliosainiwa Moscow tarehe 5 Agosti 1963 ukapiga marufuku majaribio ya angani, ya anga za juu na ya chini ya maji tu. Ya chini ya ardhi yakaachwa, na nchi zote mbili zikaendelea kulipua kwa zaidi ya robo karne. Wengi wanaoandika juu ya Pugwash huusifu mkataba ule kama ushindi. Mimi nauona kama nusu ya ushindi, na nusu iliyokosekana ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi.

Lakini wazo halikufa. Mei 1986 taasisi moja ya kiraia ya Marekani ya kutetea mazingira, NRDC, ilisaini makubaliano na Akademia ya Sayansi ya Kisovieti. Upande mmoja alikuwepo mwanafizikia Thomas Cochran, upande wa pili Yevgeny Velikhov, makamu wa rais wa Akademia na mtu aliyekuwa karibu na Gorbachev, kiongozi wa nchi. Julai ileile, wataalamu wa mitetemo wa Kimarekani walikuwa wameshafika Karkaralinsk, Kazakhstan, wakifunga mitambo yao kwenye mwamba karibu na Semipalatinsk, uwanja wa majaribio ambao raia wengi wa nchi hiyohiyo hawakuruhusiwa hata kuukaribia. Serikali ya Marekani haikuwatuma. Kwa kweli haikufurahishwa nao: msimamo wake ulikuwa kwamba Wasovieti hawatakubali kamwe ukaguzi katika ardhi yao, na sasa kulikuwa na raia wake ambao tayari wako kule na mitambo yao. Wasovieti nao walikuwa na masharti. Waliporudia majaribio Februari 1987, wageni walitakiwa kuzima mitambo wakati wa milipuko.

Utauliza, mitambo ya kuzimwa ina faida gani? Faida ilikuwa kwenye mwamba wenyewe. Wakati huo wakubwa wa Washington waliwatuhumu Wasovieti kulipua mabomu makubwa kuliko kilotani 150 (kilotani moja ni tani elfu moja za baruti) zilizoruhusiwa na mkataba wa 1974. Tuhuma hizo zilitegemea hesabu iliyosanifiwa kwa miamba ya Nevada, uwanja wa majaribio wa Marekani. Miamba ya Kazakhstan ni ya kale, baridi na migumu, na hupitisha mawimbi vizuri zaidi, kwa hiyo bomu dogo kule hutoa mtikisiko unaofanana na wa bomu kubwa Nevada. Baadhi ya wataalamu wa mitetemo walikuwa wamelisema hilo kwa miaka. Vipimo vya Karkaralinsk viliwapa ushahidi uliochukuliwa papo hapo juu ya mwamba. Mwaka 1988 serikali zenyewe zikafuata njia hiyo: Agosti wataalamu wa Kisovieti walipima mlipuko Nevada, Septemba Wamarekani wakapima Semipalatinsk. Mkataba wa 1974, uliokaa miaka 16 bila kuanza kutumika, ukaanza kutumika Desemba 1990.

Leo mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote, ulioanza kusainiwa Septemba 1996, una mtandao uliopangiwa vituo 321 na maabara 16 duniani kote, vingi vikiwa vinafanya kazi, vikisikiliza ardhi, bahari na anga na kunusa mionzi hewani. Korea Kaskazini ilipolipua bomu lake la kwanza tarehe 9 Oktoba 2006, lenye nguvu isiyofika kilotani moja, mtandao ulilisikia, na wiki mbili hivi baadaye kituo cha Yellowknife, kaskazini mwa Canada, kikanasa gesi ya zenoni yenye mionzi iliyolingana na mlipuko ule. Mkataba wenyewe bado haujaanza kutumika kisheria, na Urusi ilifuta uridhiaji wake mwaka 2023. Lakini hoja ya kwamba haiwezi kujulikana nani amelipua imekufa. Wanaotaka kulipua tena itabidi watafute sababu nyingine.

Mfano wa pili nitaugusa tu. Mwanzoni mwa 1964, katika mkutano wa Pugwash huko Udaipur, India, wanasayansi wa Kimarekani waliwaeleza wenzao wa Kisovieti kwamba makombora ya kuzuia makombora yatachochea mashindano, maana kila ngao humfanya mwenzako aongeze mishale. Wasovieti walishangaa: kujilinda nako ni kosa? Mwaka 1967 Waziri Mkuu Kosygin bado alikuwa akiitetea ngao mbele ya Wamarekani huko Glassboro. Mwaka 1972 nchi hizo zilisaini mkataba wa kuzibana ngao hizo. Je, mazungumzo ya miaka minane ndiyo yaliyowabadilisha? Gharama za kujenga ngao nazo zilikuwa kubwa mno, na mtu yeyote anayekuambia ni wanasayansi peke yao, usimwamini. Ninachoweza kusema ni kwamba Moscow ilipoanza kuyumba, walikuwepo watu ndani ya Akademia ambao tayari walikuwa na hoja kamili vichwani mwao.

Sasa nikupe mfano ulioharibika, ili usidhani nauza sera. Kiangazi cha 1967, baada ya kikao cha Pugwash mjini Paris, Wafaransa wawili walijitolea kupeleka ujumbe Hanoi, mji mkuu wa Vietnam Kaskazini iliyokuwa vitani na Marekani: mwanabiolojia Herbert Marcovitch na Raymond Aubrac, ambaye kiongozi wa huko, Ho Chi Minh, aliwahi kukaa nyumbani kwake mwaka 1946 na kuwa baba wa ubatizo wa bintiye. Upande wa Marekani ujumbe ulishikwa na profesa wa Harvard aliyeitwa Henry Kissinger. Hanoi waliwapokea Julai, na Aubrac akaonana na Ho Chi Minh mwenyewe. Ungetaka mlango gani mpana kuliko huo? Agosti, Rais Johnson wa Marekani aliagiza mabomu yasimame karibu na Hanoi kuanzia tarehe 24 ili wajumbe warudi. Lakini siku chache kabla ya tarehe hiyo ndege za Marekani ziliupiga mji kwa nguvu, na Hanoi ikakataa kuwapa viza. Oktoba mambo yakafa. Wajumbe walikuwa wazuri na kilichokosekana hakikuwa ujuzi. Mkono mmoja wa serikali ulikuwa ukituma salamu huku mwingine ukirusha mabomu, na hakuna profesa anayeweza kutibu hilo. Angalia pia kwamba safari hii hawakuwa wakitatua tatizo la kisayansi. Walikuwa watarishi tu, na utarishi hautegemei shahada.

Uliwasuta kwamba ndio waliotengeneza mabomu. Ni kweli, na kwa kazi hii ni sifa. Januari 2004 Korea Kaskazini iliwakaribisha Yongbyon, kituo chake cha nyuklia, wageni wasio rasmi, akiwemo Siegfried Hecker aliyekuwa mkurugenzi wa Los Alamos, maabara ya Marekani ya silaha za nyuklia, kuanzia 1986 hadi 1997. Wenyeji walileta sanduku la chuma, ndani yake sanduku la mbao, ndani yake mitungi ya kioo, mmojawapo ukiwa na kipande cha metali. Wakasema hii ni plutoniamu yetu, yaani metali ya kutengenezea mabomu. Hecker aliomba aushike mtungi. Ulikuwa mzito kwa kimo chake, na una vuguvugu kidogo, kama plutoniamu inavyopaswa kuwa kwa sababu mionzi yake huipasha joto yenyewe. Akauliza uzito wa metali ile kwa ujazo wake. Wakajibu kati ya gramu 15 na 16 kwa sentimita moja ya ujazo, na kwamba imechanganywa na metali nyingine. Mtu wa kawaida asingeona kitu katika jibu hilo. Plutoniamu tupu ina karibu gramu 20. Anayejua kwamba iliyochanganywa hushuka hadi 15 na kitu ameshafanya kazi ya kuiandaa. Balozi angerudi na picha. Hecker alirudi na tathmini, na mbele ya Baraza la Seneti alikuwa mwangalifu kutenganisha alichokiona na ambacho hakuweza kukithibitisha.

Novemba 2010 walimwita tena na kumwonyesha mashine zipatazo 2,000 za kurutubisha urani ambazo dunia haikujua zipo pale. Tusijidanganye, wenyeji walimtumia. Walitaka habari ifike Washington bila wao kuipeleka rasmi. Mgeni asiye rasmi huwa katika hatari hiyo siku zote, na wajumbe wa Kisovieti waliokuja Pugwash walikuwa wamechujwa na serikali yao kabla ya kupanda ndege. Kwa maoni yangu hiyo haikuwa kasoro kubwa kama wapinzani walivyodai. Mtu asiyesikilizwa na yeyote kwao ni huru kabisa, lakini ukizungumza naye maneno yako hayafiki popote.

Ndani ya vikao hivyo kanuni ni chache. Inayotumika sana ilianzia Chatham House, taasisi ya masuala ya kimataifa ya London, mwaka 1927: unaweza kutumia ulichosikia, ila usimtaje aliyekisema. Kazi kubwa mara nyingi hufanyika kwenye matembezi ya jioni, mkalimani akiwa mbali. Na tabia ya mtu ina nafasi yake. Oktoba 1960 Leo Szilard, mmoja wa watu wa kwanza kabisa kulifikiria bomu la atomiki, alionana na Khrushchev mjini New York akampa zawadi ya wembe wa kunyolea, akaahidi kumtumia nyembe za kubadilisha maadamu hakuna vita. Khrushchev akajibu kwamba vita vikizuka ataacha kunyoa. Katika mazungumzo hayohayo Szilard alileta wazo la simu ya moja kwa moja kati ya Moscow na Washington. Makubaliano ya mawasiliano hayo yalisainiwa Juni 1963, baada ya mgogoro wa makombora ya Cuba wa 1962 kuwatia watu akili.

Nije kwenye swali lako la mwisho. Mkataba mkubwa wa mwisho kati ya Marekani na Urusi wa kuweka kikomo cha silaha za masafa marefu ulipangiwa kuisha tarehe 5 Februari 2026, na hakuna mwingine wa kuurithi. Vichwa vya nyuklia duniani vimeshuka kutoka karibu 70,000 katikati ya miaka ya 1980 hadi kama 12,000 hivi. Hata hivyo mikataba iliyopita ilihesabu zaidi makombora, ndege na nyambizi, vitu vikubwa vinavyoonekana kwa setilaiti. Kichwa chenyewe, kilichowekwa ghalani, hakuna mkataba uliowahi kukihesabu kimoja kimoja mpaka kinapovunjwa. Sababu ni ya kisayansi kabisa. Julai 1989 Velikhov na Cochran waliwapeleka wataalamu juu ya manowari ya kivita Slava, karibu na Yalta katika Bahari Nyeusi, wakaweka kipima mionzi juu ya bomba la kurushia lenye kombora na kichwa chake halisi. Kwa dakika chache tu za kupima, mionzi ya urani na plutoniamu ilionekana wazi. Tatizo ni kwamba ilionekana wazi mno. Vipimo safi kiasi hicho vinaanza kufichua jinsi kichwa kilivyotengenezwa, na hakuna nchi itakayokubali hilo.

Kwa hiyo sanduku la lakiri la zama hizi ni hili: mkaguzi athibitishe kwamba kitu kilichomo kwenye kasha ni kichwa halisi cha nyuklia, bila kujua lolote jingine juu yake. Mwaka 2014 Alexander Glaser na Robert Goldston wa Princeton, pamoja na mtaalamu wa kompyuta Boaz Barak, walipendekeza njia. Vipima nyutroni, chembe ndogo zitokazo kwenye kiini cha atomu, hujazwa mapema na mwenye silaha, kwa siri, kiasi kinachokamilisha kile ambacho kichwa halisi kingepitisha. Nyutroni zikipita kwenye kichwa halisi, vipima vyote vinaishia kwenye namba ileile na mkaguzi haoni umbo lolote. Kikiwa cha bandia, namba zinapishana. Miaka michache kabla yake Uingereza na Norway zilishaanza kufanya mazoezi ya pamoja ya ukaguzi wa aina hii, moja ikiwa na mabomu na nyingine haina, kwa sababu wenye mabomu hawatakuwa pekee watakaotaka kuthibitishiwa.

Njia ya Princeton imeshajaribiwa kwa vipande vya metali vya kawaida. Kuifikisha kwenye kichwa halisi kunahitaji nchi mbili zenye silaha zikubaliane nani atatengeneza vipima, nani atavibeba, na nani atavichunguza visichakachuliwe kabla ya siku ya ukaguzi. Yote hayo yanaweza kupangwa na watu wasio na mamlaka ya kusaini chochote.